Rafadha Ifaayo kwa Boti Ndogo

Mvuvi wa Timbwani anunuapo mashine ya kuendeshea boti yake, huuliza kwanza habari za nguvu zake, kisha bei yake, kisha petroli inayotumia. Ni mara chache kuuliza habari za rafadha, yaani kile kipande cha madini chenye mabawa ambacho huzunguka majini nyuma ya boti, na ambacho wengine hukiita propela. Rafadha iliyokuja pamoja na mashine huipokea kama mtu anunuaye baisikeli apokeavyo kengele yake. Lakini kengele haiendeshi baisikeli, na rafadha ndiyo iendeshayo boti. Nguvu zote za mashine, na petroli yote iliyonunuliwa kwa fedha ya samaki, hupita katika mabawa yale machache. Yakiwa hayalingani na boti, nguvu hupotea, fedha hupotea, na mashine hufa kabla ya siku zake.

Timbwani ni mojawapo ya wadi tano za Likoni, kusini mwa kisiwa cha Mombasa, ng'ambo ya mlango wa Kilindini. Mbele yake ni Bahari ya Hindi. Kati ya ufuo na kilindi pana mwamba, na ndani ya mwamba huo mvuvi aweza kufanya kazi yake kwa mtumbwi au ngalawa, akitumia upondo, kafi na tanga kama walivyofanya wazee wake. Lakini atakaye nguru na jodari imempasa kutoka nje. Huko nje mkondo wa bahari huenda upande wa kaskazini, na wakati wa kusi upepo nao husukuma upande ule ule. Boti ambayo mashine yake imekufa mbele ya Likoni haisimami kungoja msaada. Huchukuliwa kuelekea Kilifi na Malindi. Kwa hiyo jambo la rafadha si jambo la kuongeza mwendo tu. Ni jambo la faida na hasara, na pengine ni jambo la kurudi nyumbani au kutorudi.

PARAFUJO YA MAJINI

Rafadha ni ndugu wa parafujo. Seremala akizungusha parafujo katika ubao, kila mzunguko huiingiza kwa kipimo kile kile, kwa kadiri ya nafasi iliyo kati ya uzi na uzi. Rafadha nayo hujipenyeza majini vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba ubao hausogei, lakini maji husogea na kuteleza nyuma. Kwa hiyo rafadha haiendi mbele kamili kwa kipimo chake, ila hupoteza sehemu fulani kwa kila mzunguko.

Mmoja wa watu wa kwanza kuonyesha faida ya rafadha alikuwa mfugaji. Jina lake Francis Pettit Smith, naye alifuga mifugo huko Hendon, karibu na London. Mwezi wa Mei 1836 alipata hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Wiki chache baadaye John Ericsson, mhandisi mzaliwa wa Sweden, akapata hati ya namna hiyo kwa rafadha ya umbo jingine. Rafadha ya Smith ilikuwa ya mti, nayo ilikuwa ndefu yenye mizunguko miwili kama parafujo hasa. Mwaka 1837, boti yake ilipokuwa ikijaribiwa katika mfereji, rafadha ilivunjika kwa ajali, ikabaki nusu. Badala ya kupunguza mwendo, boti ikauongeza. Hilo ndilo somo la kwanza la rafadha, nalo halijabadilika hata leo: iliyo kubwa si lazima iwe bora, na jambo hilo halijulikani ila kwa kujaribu.

Mwaka 1845 Jeshi la Maji la Uingereza lilifunga merikebu mbili kwa kamba, tezi kwa tezi, ili zivutane. Moja, jina lake Rattler, ilikuwa na rafadha. Ya pili, Alecto, ilikuwa na magurudumu makubwa ya kupiga maji ubavuni. Mashine zao zilihesabiwa kuwa za nguvu moja. Rattler iliivuta Alecto kinyumenyume, ingawa magurudumu ya Alecto yalikuwa yakizunguka kwa nguvu zote kwenda mbele. Tangu siku zile magurudumu yaliendelea kuacha kutumika katika merikebu za baharini.

Mashine ndogo za kufungwa tezi, kama zile zitumiwazo Timbwani, zilikuja baadaye. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norway aliyekaa Marekani, alianza kuziuza mwaka 1909. Kampuni ya Yamaha ya Japani, ambayo jina lake ni maarufu sana kwa wavuvi wa pwani, ilitoa mashine yake ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1960.

NAMBA MBILI

Juu ya rafadha nyingi pameandikwa namba mbili, mathalani 11 × 13. Namba hizo ni inchi. Ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara ambalo ncha za mabawa hulichora zinapozunguka. Ya pili mafundi huiita pichi, na kwa Kiswahili yaweza kuitwa hatua. Hatua ni masafa ambayo rafadha ingekwenda mbele kwa mzunguko mmoja, kama maji yangekuwa magumu kama ubao. Rafadha ya hatua 13 ingekwenda inchi 13 kwa kila mzunguko. Ya hatua 9 ingekwenda inchi 9.

Kipenyo kwa kawaida huamuliwa na watengenezaji wa mashine, maana hulingana na nguvu za mashine na nafasi iliyopo chini ya bamba lililo juu ya rafadha. Mvuvi hana mengi ya kuchagua hapo. Uchaguzi wake hasa ni hatua, na hapo ndipo makosa mengi yanapofanyika. Watu wengi hudhani ya kuwa hatua ndefu maana yake ni mwendo mkubwa, kwa hiyo hutafuta namba kubwa kuliko zote zilizo dukani.

Hesabu yaonyesha kwa nini mawazo hayo huvutia. Chukua mfano wa mashine izungukayo mara 5,000 kwa dakika. Ndani ya mguu wake mna magurudumu ya meno ambayo hupunguza mizunguko, na mara nyingi huipunguza kama nusu. Basi rafadha huzunguka mara 2,500 kwa dakika. Ikiwa hatua yake ni inchi 12, kwa dakika moja ingekwenda inchi 30,000, yaani mita 762. Kwa saa moja ingekwenda kilomita 45 na zaidi, ambazo ni karibu maili 25 za bahari. Ikiwa hatua ni inchi 10, mwendo ungekuwa kama maili 20 na nusu. Kwa karatasi, basi, ya 12 imeishinda ya 10.

Lakini karatasi haibebi barafu, nyavu na watu sita. Boti nyepesi yenye tumbo bapa, ambayo huinuka na kuteleza juu ya maji, hupoteza kama sehemu 10 mpaka 20 katika kila 100 za mwendo huo wa hesabu. Boti nzito hupoteza zaidi. Boti yenye rafadha ya hatua 12, ambayo hesabu yake ni maili 25 kwa saa, ikionekana kwenda maili 12 tu hali mashine inazunguka mara 5,000, maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya kazi ya rafadha imepotea katika kusukuma maji nyuma bila kusukuma boti mbele. Mara nyingi hata hiyo 5,000 haifikiwi, kwa kuwa mashine imeshindwa kuizungusha rafadha.

LORI LENYE GIA MOJA

Msomaji ambaye hajapata kushika usukani wa boti aweza kufahamu jambo hili kwa kutazama malori yapandayo kilima cha Mazeras kutoka Mombasa. Dereva mwenye mzigo mkubwa hapandi kwa gia ya mwisho. Akifanya hivyo mashine hulia, hutetemeka, na mwisho hufa. Hurudi gia ya chini, mashine ikazunguka vyema, na lori likapanda pole pole bila taabu. Boti ndogo haina gia za kubadilisha namna hiyo. Ina ya kwenda mbele, ya kurudi nyuma, na ya kusimama. Gia yake ya kweli ni rafadha, nayo ni moja tu, tena haibadiliki safarini. Mwenye kufunga rafadha ya hatua ndefu katika boti nzito ni sawa na dereva aliyeamua kwenda safari zake zote, mlima na tambarare, kwa gia ya mwisho.

Watengenezaji wa mashine huandika katika kitabu chake mizunguko inayotakiwa wakati mafuta yamefunguliwa mpaka mwisho. Kwa mashine nyingi za kazi zichanganyazo oili na petroli ni kati ya 4,500 na 5,500 kwa dakika. Kwa nyingine ni zaidi. Msingi wa jambo zima ni huu: rafadha ifaayo ni ile inayoiwezesha mashine kufikia mizunguko hiyo, si kupungua wala kupita, boti ikiwa na mzigo wake wa kila siku.

Mashine ikizunguka chini ya kipimo, rafadha ina hatua ndefu mno. Dalili zake ni nyingi. Boti huchelewa kuinuka, omo yake ikitazama mbinguni. Moshi huwa mwingi. Masizi hujaa katika plagi na juu ya pistoni. Mashine hupata joto, na petroli huisha bila boti kufika mbali. Mvuvi husema mashine yake ni dhaifu, akaanza kufikiri kununua iliyo kubwa zaidi, hali dawa yake ilikuwa rafadha ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine.

Mashine ikipita kipimo, hatua ni fupi mno. Hapo boti huondoka upesi, lakini mashine hupiga kelele kali na mwendo hauongezeki. Hilo nalo ni hatari, maana mashine izungukayo kupita kiasi huchakaa upesi, na vyuma vyake vya ndani vyaweza kuvunjika.

Kubadilisha hatua kwa inchi moja hubadilisha mizunguko kama 150 mpaka 200 kwa dakika. Kwa mfano, boti yenye rafadha ya hatua 13 ikifikia mizunguko 4,400 tu, hali kitabu chataka kati ya 4,500 na 5,500, basi rafadha ya hatua 10 yaweza kuifikisha karibu 5,000. Ajabu ni kwamba boti hiyo yaweza kwenda upesi zaidi kwa hatua fupi, kwa kuwa sasa mashine imepata kutoa nguvu zake zote.

NAMNA YA KUFANYA JARIBIO

Kabla ya kuilaumu rafadha, yafaa kuondoa sababu nyingine. Tumbo la boti likwanguliwe majani na vidudu vya bahari vishikavyo hapo. Maji ya ngama yatolewe. Plagi zisafishwe, na petroli iwe safi, isiyochanganyika na maji. Mabawa yatazamwe kama yamepinda au yamevunjika ncha.

Kisha boti ipakiwe mzigo wa kazi: watu wale wale, nyavu, petroli, na barafu au kitu cha uzito huo. Hapa ndipo wengi hukosea. Hujaribu boti tupu jioni, watu wawili ndani, ikapaa juu ya maji wakafurahi. Kesho yake alfajiri wanatoka watu sita na barafu, na boti ile ile haitaki kuinuka. Rafadha haichaguliwi kwa siku ya matembezi, ila kwa siku ya kazi.

Yahitajika saa ya kuhesabia mizunguko. Ziko ndogo ambazo hufungwa kwa waya kuzunguka waya wa plagi, wala bei yake si kubwa. Kwa kupima mwendo, simu nyingi za siku hizi zaweza kuonyesha mwendo kwa kutumia mitambo iliyo angani. Boti iendeshwe mafuta yakiwa yamefunguliwa mpaka mwisho kwa muda mfupi, penye maji mengi na pasipo waogeleaji, mara moja kwa kufuata mkondo na mara moja kwa kuupinga, kisha mwendo wa mara hizo mbili ugawanywe katikati. Pasipofanyika hivyo, maji ya bamvua yatatia uongo katika hesabu, maana Mombasa maji hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi siku hizo, na mkondo wake si mdogo.

Jambo la mwisho la kupima ni petroli. Mvuvi ajaze tangi, aende safari yake ya kawaida, kisha atazame ni lita ngapi zatakiwa kulijaza tena. Chukua mfano wa boti iliyotumia lita 15 kwa safari moja na rafadha ya zamani, na lita 13 kwa safari ile ile na rafadha mpya. Tofauti ni lita 2. Kwa safari 20 za mwezi ni lita 40. Mwenye boti aweza kuzidisha lita hizo kwa bei ya siku, akaona mwenyewe baada ya miezi mingapi rafadha mpya itakuwa imejilipa.

MASHUA NA MADAU

Si kila chombo chaweza kuinuka juu ya maji. Mashua na dau la mbao, lenye tumbo la duara na mkuku mrefu, hulima maji badala ya kuteleza juu yake. Vyombo hivyo vina kikomo cha mwendo ambacho hutokana na urefu wao. Chombo ambacho sehemu yake iliyo majini ina urefu wa futi 25, kikomo chake ni karibu maili 6 na nusu za bahari kwa saa. Mashine ya nguvu mara mbili haitakifikisha maili 13. Itachimba shimo majini na kunywa petroli. Chombo cha namna hiyo chataka rafadha ya kipenyo kikubwa na hatua fupi, na nahodha aridhikaye na mwendo wa wastani. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa kitabu mwaka 1999 juu ya kupunguza gharama ya mafuta katika vyombo vidogo vya uvuvi. Mojawapo ya mashauri yake makubwa ni hilo hilo: punguza mwendo kidogo, na petroli itapungua sana.

MABAWA NA MADINI

Rafadha nyingi za boti ndogo zina mabawa matatu, nayo yafaa kwa kazi nyingi. Ya mabawa manne hushika maji vizuri zaidi pale boti inapokuwa nzito au bahari inapochafuka, tena hutetemeka kidogo, ila hupunguza kidogo mwendo wa mwisho. Kwa mvuvi wa nje ya mwamba wakati wa kusi, mara nyingi kushika maji ni bora kuliko mwendo.

Madini nayo yana shauri lake. Rafadha ya chuma kisichoshika kutu ni nyembamba, imara, na huenda vyema zaidi, lakini bei yake ni kubwa. Ya aluminiamu ni rahisi, nayo hupinda au kuvunjika upesi. Lakini penye miamba, udhaifu huo una faida yake: heri bawa livunjike kuliko magurudumu ya meno yaliyo ndani ya mguu wa mashine. Zaidi ya hayo, bawa la aluminiamu lililopinda kidogo fundi aweza kulinyoosha.

Ndani ya kitovu cha rafadha nyingi mna mpira uliobanwa, na katika mashine ndogo nyingine mna pini. Kazi ya vitu hivyo ni kupokea kishindo rafadha inapogonga mwamba. Mpira ukilegea, mashine huzunguka kwa kelele lakini boti haiendi, na mvuvi hudhani gia imevunjika. Na mshipi wa kuvulia ukijizungusha nyuma ya rafadha hukata mpira uzuiao oili, maji ya chumvi yakaingia katika gia. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, ujue maji yamekwisha ingia. Yafaa rafadha ifunguliwe mara kwa mara, mshipi uondolewe, na mhimili wake upakwe grisi. Kazi hiyo isifanywe kabla ya kuzima mashine na kuondoa waya za plagi, maana mashine ikiwaka kwa bahati mbaya mabawa hukata mkono.

Tena mashine ifungwe kwa urefu ufaao. Bamba lililo juu ya rafadha liwe karibu sawa na tumbo la boti. Likiwa juu mno, rafadha huvuta hewa kutoka usoni mwa maji, mashine ikalia ghafula na boti ikapoteza nguvu, hasa katika kukata kona na katika mawimbi. Likiwa chini mno, mguu wa mashine huburura maji bure. Wengi hununua rafadha mpya kwa ugonjwa ambao ungepona kwa kuinua mashine inchi moja au mbili.

RAFADHA YA PWANI SI YA BARA

Wako wavuvi wa pwani wenye ndugu wafanyao kazi ya uvuvi katika Ziwa Victoria, nao hupelekeana mashine na rafadha. Wafahamu jambo moja. Ziwa hilo liko mita 1,134 juu ya bahari, na huko juu hewa ni nyepesi. Mashine za kawaida hupoteza kama sehemu 3 katika 100 za nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa hiyo mashine iliyo nzima Timbwani hupungukiwa na sehemu kama 11 katika 100 ikifika Kisumu. Rafadha iliyokuwa sawa kabisa pwani itakuwa nzito kwake, na pengine itabidi kupunguza hatua kwa inchi moja. Kwa sababu hiyo, rafadha ya jirani, hata akiwa na mashine ya jina moja na nguvu moja, si ushahidi wa kutosha.

DAFTARI YA KIKUNDI

Tangu kanuni za mwaka 2007, wavuvi wa Kenya wamekuwa na vikundi vya kusimamia bandari zao ndogo, vyenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Jambo la rafadha ni zuri sana kwa vikundi hivyo. Mtu mmoja hawezi kununua rafadha tatu ili ajaribu na kuchagua moja. Lakini kikundi chaweza kununua tatu za kujaribia kwa mashine zilizo nyingi bandarini, mathalani za hatua 9, 11 na 13, zikawekwa kwa katibu na kuazimwa kwa zamu. Katibu naye aandike katika daftari: urefu wa boti, nguvu za mashine, mzigo, kipenyo na hatua ya rafadha, mizunguko iliyopatikana, mwendo, na lita zilizotumika. Baada ya mwaka mmoja daftari hiyo itakuwa na maarifa ambayo muuza duka hana, maana itasema habari za boti za Timbwani zenyewe, katika maji ya Timbwani.

Iko methali isemayo ya kuwa mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea. Mazoea ndiyo yamfanyayo mtu kutumia rafadha iliyopinda mwaka mzima kwa kuwa bado yazunguka, na kutoka nje ya mwamba bila ya akiba. Anayetoka Timbwani kwenda kilindini yampasa kuwa na rafadha ya pili botini, hata ikiwa ni ya zamani, pamoja na nati yake, pini yake na spana ya kuifungia. Awe pia na maboya ya kutosha watu wote, na makasia mawili. Vitu hivyo havichukui nafasi ya kapu moja la samaki, wala havina kazi siku nyingi. Siku ambayo bawa litagonga gogo lielealo, maili kadhaa nje ya mwamba, kusi ikivuma na mkondo ukienda kaskazini, kazi yake itachukua kama robo saa, na boti itageuza omo yake kuelekea Likoni.